Kidevu cha Bibi Kimevimba Tena

Fundi miwani aliingia ndani na viatu vyake, jambo ambalo mkewe hamruhusu mtu yeyote kulifanya, akaenda moja kwa moja hadi kwenye tangi la samaki pembeni mwa sebule. Akainama, akatazama, kisha akanyoosha mkono juu kama askari wa barabarani. Mkewe, aliyekuwa anatoka jikoni na jagi la maji ya matunda, akasimama palepale.

"Usisogee," fundi alinong'ona. "Kidevu kimevimba."

"Cha nani?"

"Cha Bibi. Ana mayai mdomoni. Ametaga leo leo, tukiwa hatupo."

Mkewe aliliweka jagi mezani. Aliliweka taratibu kuliko kawaida, lakini fundi alikunja uso vilevile na kumtazama samaki kuona kama ameshtuka. Bibi, samaki wa njano asiyezidi urefu wa kidole cha kati, alikuwa amejibanza nyuma ya jiwe, mdomo umefumbwa, kidevu kimetuna, anatafunatafuna hewa taratibu jinsi wafanyavyo samaki wa aina yake wanapoyageuza mayai mdomoni.

"Hii ni mara ya ngapi?" mkewe aliuliza.

"Ya sita."

"Na zile tano?"

Zile tano wote wawili walizijua vizuri. Mkewe akavuta kiti, akaketi, akakunja mikono. Fundi alipoiona ile mikono imekunjwa alijua kuna hukumu inakuja.

"Inachukua siku ngapi mpaka watoke?"

"Ishirini na moja. Pengine ishirini na tano, inategemea joto la maji."

"Basi nakupa ishirini na tano. Wakitoka watoto, mimi mwenyewe nitakununulia tangi la pili na nitalifuta vumbi. Wasipotoka, tangi linaondoka, cherehani yangu inarudi mahali pake. Na sitaki kusikia habari ya mara ya saba."

Fundi alitaka kubisha, akamtazama Bibi na kidevu chake, akaona kubisha nako kuna kelele. Akakubali kwa kichwa.

Samaki hawa wana tabia yao, na ndiyo iliyompa fundi wazimu. Jike akishataga huyaokota mayai moja moja kwa mdomo na kuyaweka humohumo. Hali kitu. Anakaa na njaa yake wiki tatu nzima, mwili unakonda, kichwa kinabaki kikubwa, mpaka siku anapofungua mdomo na vifaranga wanatoka wakiwa kamili, na macho yao na mikia yao. Hata baada ya hapo, wakiona hatari wanarudi mbio mdomoni mwa mama, naye anafumba. Fundi aliyaona haya kwa macho yake miaka sita iliyopita, alipompelekea mteja mmoja miwani nyumbani kwake. Alisimama mbele ya tangi la yule mteja, mama akafungua mdomo, vifaranga ishirini na kitu wakamiminika nje, mlango ukagongwa, wote wakarudi ndani. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, na hakumbuki kitu kilichomfurahisha kiasi kile tangu siku binti yake alipozaliwa. Alikaa pale mpaka mwenye nyumba akaanza kumtazama vibaya.

Kazi yake ni kukata lenzi. Mbele ya duka anakaa daktari wa macho na mashine zake, nyuma ya pazia anakaa fundi na jiwe lake la kusagia, vibisibisi vyake na lenzi ya kukuzia anayoibana jichoni. Miaka thelathini anawaonesha watu wengine dunia. Alichokitaka yeye ni kuuona ule mdomo ukifunguka nyumbani kwake, walau mara moja, na wala hakuona kama ameomba makubwa.

Miaka miwili nyuma, mteja mwingine aliyekuwa anahama mji alimwachia tangi lenye samaki wawili. "Huyu mkubwa mwenye mapezi meusi ndiye mume," alimwambia, "na huyu mdogo ndiye mke." Fundi akaamini, akawaita Bwana na Bibi. Na kwa nini asiamini? Bwana alikuwa mkubwa, mkali, wa kwanza kula, mwenye pango zuri kuliko yote chini ya jiwe, na zaidi ya kumfukuza mwenzake huku na huko hakuwa na kazi nyingine. Mke wa fundi alipoelezwa hayo, alimtazama samaki, akamtazama mumewe, akasema ushahidi unatosha.

Mara ya kwanza Bibi alibeba mayai siku nane. Siku ya tisa kidevu kilikuwa bapa, naye yuko juu anadai chakula. Ameyameza. Fundi hakulala akitafuta sababu, na asubuhi akaipata jikoni: blenda. Tangu siku hiyo matunda katika nyumba ile yanakamuliwa kwa mkono.

Mara ya pili, siku ya tisa tena, lawama ikaiangukia cherehani. Mkewe ni mshonaji, na cherehani ilikaa sebuleni dirishani kwa miaka kumi na tisa, penye mwanga. Fundi alilala kifudifudi sakafuni, akaweka sikio, akasema mtikisiko unapita hapa, unapanda kwenye meza, unaingia majini. Cherehani ikahamia stoo nyuma ya jiko, penye kidirisha cha ukubwa wa sinia. Mkewe alinuna wiki mbili, kisha akaanza kulalamika kwamba tundu la sindano halioni. Fundi akamtengenezea miwani yenye nguvu zaidi. Hata haya hakuona.

Mara ya tatu alikuwa jirani, aliyekuwa anatoboa ukuta ili atundike televisheni. Fundi alimfuata na fulana ya ndani, akamsihi aache, kuna mama mjamzito. Jirani aliacha kwa heshima zote. Siku alipojua huyo mjamzito ni samaki, alicheka mpaka akashika ukuta, na tangu hapo mtaa mzima unamwita fundi "Mkunga". Wanamsalimia dirishani: "Mkunga, hali ya mgonjwa?" Naye anafunga dirisha, polepole, ili lisigonge.

Katikati ya hayo yote Bwana naye aliugua. Wiki nzima alikataa chakula, akajificha pangoni, shavu limevimba. Fundi ana daftari lake la samaki, na humo aliandika kwa kalamu nyekundu: "Bwana anaumwa koo." Akaweka dawa, maji yakageuka buluu, taulo za nyumbani zikageuka buluu, na siku ya nane Bwana akatoka akala kama hakuna kilichotokea. Fundi alijipongeza sana kwa ile dawa.

Mara ya nne, mara ya tano. Siku ya nane, siku ya kumi. Kila mara mtu alipatikana na hatia.

Kwa hiyo safari hii fundi alipiga moyo konde, akaamua hakuna kitakachotikisika. Aliweka vipande vya mpira chini ya miguu ya viti. Aliufunga mlango wa mbele kwa kitambaa ili usibamize. Televisheni ilibaki inaonesha picha bila sauti, na mkewe alifuatilia tamthilia yake kwa kusoma midomo ya waigizaji, akakosea, akadhani wawili wanaoana kumbe wanagawana mali. Tangi likafunikwa kwa shuka pande tatu. Upande wa nne fundi aliweka kigoda chake, na hapo alikaa kila jioni, hasemi, anahesabu.

Siku ya tano. Siku ya sita. Kidevu kipo.

Kazini akili haikuwa yake. Siku ya saba aliweka lenzi ya kushoto kulia na ya kulia kushoto katika fremu ya mama mmoja mkaguzi wa shule, na mama yule akarudi baada ya saa moja kwa hasira, ameshikwa mkono na mwanawe, akilalamika kwamba ngazi zinamfuata. Daktari wa macho alimwita fundi pembeni.

"Fundi, una tatizo nyumbani?"

"Kesho kutwa ni siku ya tisa," fundi alisema.

Daktari alisubiri maelezo zaidi, hakuyapata, akamwambia akapumzike mapema. Fundi alirudi nyumbani, akakaa kwenye kigoda.

Siku ya tisa ilipita, na kidevu kipo! Asubuhi ya siku ya kumi, ambayo ilikuwa Jumapili, fundi alinyoa ndevu akiwa anaimba, kwa sauti ya chini bila shaka. Mkewe alipoona amechangamka, akaitumia nafasi hiyo.

"Binti yako anakuja leo mchana na mtoto."

Fundi akasimama na wembe mkononi. "Leo?"

"Leo. Hawajaja mwezi mzima. Ulitaka waje lini, wakishatoka watoto wa samaki?"

Ndivyo hasa alivyotaka, lakini hakuthubutu kusema. Binti yao alikuwa amepunguza kuja. Hakutoa sababu, ila nani anapenda kutembelea nyumba ambayo mtoto anapokewa mlangoni kwa kuambiwa shii? Na mtoto mwenyewe ni yule. Ana miaka minne, wanamwita Chiriku kwa sababu tangu alipojua kusema hajapumzika.

Alipofika alimkumbatia babu yake miguu, akaliona tangi na shuka lake, akaanza.

"Babu, samaki wanaumwa?"

"Hawaumwi. Sema polepole. Huyu mdogo ana watoto mdomoni."

"Anawala?"

"Hawali. Anawatunza."

"Yeye anakula nini?"

"Hali kitu. Wiki tatu."

Chiriku alilifikiria hilo. "Akipiga chafya?"

Fundi alicheka. Alicheka kwa sauti kabisa, mara ya kwanza tangu siku ya kwanza, na mkewe na binti yake wakatazamana mezani kama watu walioona jua baada ya mvua ya wiki. Akamkalisha mjukuu wake kwenye kigoda, akamwonesha jinsi kidevu kinavyocheza, akamwambia humo ndani kuna watoto wadogo kuliko punje ya mchele, wamelala, wanasubiri wakue. Chiriku alikaa ametulia dakika nzima, jambo ambalo mama yake alilithibitisha kwa saa. Fundi akajiona amekuwa mkali bure miezi yote hii. Alipoitwa jikoni kufungua mfuniko wa chupa uliokaza, aliinuka bila wasiwasi.

Mfuniko ulikuwa bado mkononi alipousikia mlio. Ko, ko, ko.

Alitoka mbio. Chiriku alikuwa amesimama juu ya kigoda, pua kwenye kioo, anagonga kwa kidole kimoja na kuwaita wenzake: "Amkeni! Tokeni tucheze!" Nyuma ya jiwe, Bibi alikuwa anaruka huku na kule kama aliyepigwa na umeme.

Fundi aliudaka ule mkono mdogo na kuuvuta, kwa nguvu kuliko alivyokusudia.

"Umewaua!" alisema. "Unajua ulichofanya? Umewaua! Umewaua wote!"

Mtoto hakulia mara moja. Kwanza aliutazama mkono wake. Kisha akalitazama tangi, kisha mama yake, na hapo ndipo kilio kilipotoka, kikubwa kiasi kwamba kama kulikuwa na samaki wa kuzaa karibu na mtaa ule angeahirisha.

Binti alikuwa ameshainuka, chakula kikiwa nusu.

"Baba, ana miaka minne."

"Na mimi nimesubiri miaka miwili!"

"Basi endelea kusubiri," binti alisema. Alimbeba mtoto na kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, akamuaga mama yake, akapita karibu na baba yake bila kumtazama. Mlango ulifungwa kwa utaratibu sana, kwa sababu ya kile kitambaa, na fundi aliona bora ungebamizwa.

Asubuhi kidevu cha Bibi kilikuwa bapa. Alikuwa juu ya maji, anadai chakula.

Fundi alimwita mkewe, akamwonesha kwa kidole kama mwendesha mashtaka anayetoa kielelezo. "Unaona? Nilisema nini jana? Unaona?"

"Naona," mkewe alisema. Alikuwa amekwisha kuvaa kitambaa cha kazi kiunoni. "Sasa timiza ahadi. Nikitoka stoo mchana huu nisiwakute."

"Siku kumi na tano bado zimebaki."

"Zimebaki za nini?"

Aliomba ruhusa kazini, akawavua samaki kwa kineti chao, na hapo nusu saa ikapotea kwa sababu Bwana hakuvuliwa kirahisi, akawatia kwenye ndoo yenye mfuniko, akaenda nayo mjini. Alikuwa na hasira na mkewe kwa haraka yake, na binti yake kwa kumlea mtoto bila breki, na jirani kwa jina la Mkunga, na yule mama mkaguzi na ngazi zake. Alipiga simu kwa binti yake mara tatu, si kwa kuomba radhi hasa, ila amweleze kwamba Bibi ameyameza mayai kweli. Simu haikupokewa.

Anayeuza samaki wa mapambo ana chumba nyuma ya duka la mabomba. Ni mwanamke wa miaka arobaini hivi, mikono ya blauzi yake imelowa mpaka kwenye viwiko saa zote, na hana muda wa kupoteza. Wateja wanamwita dada wa matangi. Fundi alinunua kwake chakula cha samaki tangu mwanzo, lakini alikuwa hamwulizi kitu, kwa kuwa alijiona yeye mwenyewe ana daftari. Sasa aliiweka ndoo mezani na kumwaga malalamiko yake yote, blenda, cherehani, ukuta, na mwisho kidole cha mjukuu, na dada wa matangi aliendelea kusugua kichujio mpaka alipomaliza.

"Mara sita," dada alisema. "Siku ya tisa, siku ya kumi. Hajawahi kupita hapo?"

"Hajawahi. Nyumba yangu ina kelele."

"Hapa pana kelele kuliko kwako." Na kweli, upande wa pili wa ukuta mtu alikuwa anakata bomba kwa msumeno wa umeme, na katika matangi pale samaki watatu wenye videvu vilivyotuna walikuwa wanaogelea hawana habari. Dada alifunua ndoo. "Dume wako yuko wapi?"

"Huyo mkubwa. Mwenye mapezi meusi."

"Nani alikuambia huyu ni dume?"

Fundi akamtaja yule mteja aliyehama mji.

"Aliwahi kususa chakula huyu bwana wako?" dada aliuliza. "Akavimba shavu?"

"Mara moja. Aliumwa koo. Nilimpa dawa."

Dada wa matangi alikung'uta kichujio, akakiweka kando. Aliloanisha kiganja, akamdaka Bwana kwa mpigo mmoja, akamgeuza tumbo juu. "Una ile lenzi yako? Tazama hapa chini, haraka. Matundu mawili. Kwa dume yanalingana. Kwa jike, la nyuma ni kubwa."

Fundi aliitoa lenzi mfukoni mwa shati, akaibana jichoni, akainama. Hakuhitaji muda. Mtu anayeona mkwaruzo mwembamba kuliko unywele kwenye kioo cha miwani hashindwi kuona tundu. La nyuma lilikuwa kubwa.

"Wote wawili majike," dada alisema, akimrudisha Bwana majini. "Jike akiwa mkubwa peke yake huvaa mapezi meusi na kuanza ubabe. Ukimtazama juu juu, anakudanganya."

"Na mayai?"

"Mayai bila dume ni bure. Anayabeba kwa sababu ndivyo alivyoumbwa. Yanaharibika, anayameza. Ungetaka ayafanyeje?"

"Hata kungekuwa kimya?"

"Hata ungewahamishia mwezini. Humo mdomoni hakukuwa na mtoto, fundi. Hata siku moja."

Fundi alikaa juu ya gunia la changarawe. Alitaka kukasirika, akamtafuta wa kumkasirikia, akakosa. Yule mteja aliyehama? Aliambiwa na mwingine, pengine. Miaka miwili amemtafuta mwenye hatia jikoni, stoo, upande wa pili wa ukuta, na lenzi yenyewe iko mfukoni mwake kila siku. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka.

Dada wa matangi si mtu wa maneno laini, lakini alimtia mdogo kwenye mfuko wa plastiki wenye maji na hewa, akamwongezea dume mwenyewe, kijana mwenye afya, na kumbakiza yule mkubwa. "Tumebadilishana. Wiki sita, miezi miwili, utaona watoto. Na wewe acha kuwachungulia."

Nje, fundi alimpigia mkewe.

"Mama," alisema, "Bwana si bwana."

Ilibidi aeleze mara mbili. Mkewe alianza kucheka, akacheka mpaka fundi akaiweka simu mbali na sikio, kisha kicheko kikakatika ghafla.

"Kwa hiyo mimi nimeshona gizani miezi kumi na minne kwa sababu ya majike wawili."

"Nisamehe."

"Mimi na wewe tutaelewana. Nitakukalisha chini, usiwe na shaka. Lakini mimi ni mtu mzima. Niliambiwa naua samaki, nikanuna, nikaendelea na kazi. Yule uliyemwambia jana ni mtoto. Umeshaongea naye?"

"Mama yake hapokei simu."

"Miguu unayo," mkewe alisema, akakata.

Binti yake anakaa ghorofa ya tatu, si mbali na duka la mabomba. Fundi alipanda ngazi na mfuko wa samaki mkononi, akipanga maneno. Angesema hivi: babu alikosea, babu ni mjinga, samaki hawakufa kwa sababu hawakuwamo. Aliyapanga, akayapangua, akaona yatafaa. Hata alianza kufurahi kidogo. Angempa Chiriku ashike mfuko mwenyewe, na wangempa dume jina pamoja.

Binti alifungua mlango. Hakusema karibu, lakini aliuona uso wa baba yake, akasogea pembeni. Chiriku alikuwa sakafuni na kalamu zake za rangi. Siku zote akimwona babu yake humrukia miguuni kabla hajamaliza kuingia. Leo alisimama, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta.

Fundi alipiga magoti, na magoti yakalia.

"Chiriku wangu," alisema. "Babu amekuja kukuambia kitu. Wewe hukuua mtu. Hukumwua yeyote. Samaki hakuwa na watoto mdomoni. Hakuwa nao kabisa, babu ndiye hakujua. Umesikia? Tazama, huyu hapa, mzima, na nimemletea mwenzake. Njoo. Shika wewe."

Akamnyooshea mfuko. Mwanga wa dirishani uliingia ndani ya maji, na wale wawili wa njano wakazunguka polepole, wazuri kuliko walivyowahi kuonekana kwenye tangi.

Chiriku aliutazama mfuko. Aliutazama kwa hamu, shingo imenyooka, midomo imeachana. Kisha akaipeleka mikono yote miwili nyuma ya mgongo wake, akaishikanisha huko.

"Shika wewe, babu," alisema, kwa sauti ndogo ambayo fundi hakuwahi kuisikia kwake. "Mimi nikishika watakufa."